Dila kaniwekea invoisi mezani, anasema ananiuzia chini yake. Anakula wapi?

#1 Mzigua_Ohio
Wakuu habari za majukumu. Niko Columbus, Ohio. Natafuta gari jipya, SUV ndogo ya familia, maana hili la mkononi nililonalo sasa linamjua fundi kuliko linavyonijua mimi. Jana nikaenda kwa dila mmoja (wakala wa kuuza magari mapya). Stika ya dirishani inasoma $34,000, nauli ya kulileta kutoka kiwandani imo humohumo. Muuzaji akaingia kwa meneja, akakaa weee, akarudi na karatasi akaisukuma mbele yangu: invoisi ya kiwanda, $31,700. Kisha akanong'ona kama mtu anayetoa siri ya ndoa: "Wewe nakupa kwa $31,200."

Yaani dola mia tano chini ya alichonunulia yeye. Mimi nimekulia Kariakoo, mfanyabiashara akiniambia anauza kwa hasara nashika mfuko kwanza. Wajuzi nisaidieni: huyu bwana anakula wapi? Na ile invoisi ni ya kweli au kaichapa huko nyuma?

#2 Kibarazani
Nimekaa pale. Kahawa na kashata viko tayari, wajuzi waje.

#3 Baba_Wawili_Dallas
Invoisi ni ya kweli, hana haja ya kuchapa. Ila siyo gharama yake halisi. Viwanda vingi hapa Marekani vina kitu kinaitwa holdibaki. Dila analipia gari kwa bei ya invoisi, gari likishauzwa kiwanda kinamrudishia asilimia fulani, mara nyingi kati ya 1 na 3. Inalipwa kwa mkupuo, wengi ni kila robo mwaka. Chukua 2% ya $34,000, ni $680. Kakupunguzia 500, kabaki na 180. Hasara hana. Mods fungeni uzi.

#4 DadaWaTampa
Usiufunge bado kaka Baba Wawili. Nimeuza magari mapya Florida kabla sijahamia kazi nyingine, ngoja niongeze.

Kwanza hesabu yako: holdibaki kwa kawaida haipigwi juu ya nauli. Kama ndani ya hiyo 34,000 kuna 1,400 ya usafirishaji, unabaki na 32,600, na 2% yake ni 652. Pili, siyo viwanda vyote. Wengine wanapiga kwenye bei ya stika, wengine kwenye invoisi, wengine hawatoi kabisa.

Tatu ndiyo kubwa. Hiyo hela wala siyo faida ya kukaa mfukoni. Yale magari yaliyopangwa safu uwanjani yanang'aa, karibu yote yako pale kwa mkopo. Dila kakopa benki au kwenye kampuni ya fedha ya kiwanda chenyewe, na kila siku gari linapolala pale riba inahesabika. Holdibaki inamsaidia kuibeba hiyo riba. Gari likikaa muda mrefu, holdibaki yote inaliwa na riba, na hapo dila anataka liondoke hata kwa hasara kweli. Mleta uzi, fungua mlango wa dereva utazame kibandiko kwenye nguzo. Kuna mwezi na mwaka lilipotengenezwa.

#5 Ngosha_Mtata
652 toa 500 = 152. Jengo la vioo lile, taa zinawaka uwanja mzima usiku kucha, meneja na tai yake, kahawa ya bure, yote kwa dola 152? Hiyo ni chai, na haina hata tangawizi.

#6 Mzigua_Ohio
Asante dada. Nimekuza picha nilizopiga: limetengenezwa miezi mitano iliyopita.

#7 Kinyamkela
Miezi mitano, basi dada kamaliza. Riba imemchosha, analitupa.

#8 Mtu_wa_Namba
Hapana, hamjafika penyewe. Kuna bonasi za ngazi. Kiwanda kinampa dila lengo la mwezi. Mfano wangu tu: akifikisha magari 80 analipwa $400 kwa kila gari, tena kuanzia lile la kwanza. Akiishia 79 hapati kitu. Sasa fikiria ni tarehe 30 na yuko 79. Hilo gari la 80 lina thamani ya $32,000 kwake! Anaweza kukupa elfu mbili chini ya invoisi na akalala usingizi mnono. Juu ya hapo kuna pesa ambazo kiwanda humpa dila kimyakimya kwa aina ya gari lisilotembea. Mteja hatangaziwi hizo. Ndiyo maana huwezi kujua gharama yake kwa kuangalia karatasi moja.

Mzigua, ulienda tarehe ngapi?

#9 Mzigua_Ohio
Tarehe 12.

#10 Ngosha_Mtata
😂😂 Tarehe 12! Bonasi imefia hapo.

#11 Mtu_wa_Namba
Siyo lazima, kuna za robo mwaka pia. Ila sawa.

#12 DadaWaTampa
Bonasi zipo, hilo ni kweli. Ila na mwisho wa mwezi nao wanautumia kama chambo. Kila muuzaji atakwambia meneja anatafuta gari moja la mwisho, hata tarehe 3.

#13 Baridi_ya_Minneapolis
Mnahangaika na bei ya gari, mimi nauliza: mleta uzi, unalipa taslimu au mkopo? Na mkopo unatafutiwa na nani?

#14 Mzigua_Ohio
Mkopo. Wao ndio wananitafutia. Tukiliacha pembeni gari langu la zamani, natanguliza kama 3,200, nakopa 28,000. Wamesema 8% kwa miezi 60.

#15 Baridi_ya_Minneapolis
Umejibu swali lako mwenyewe. Benki ikikukubali inamwambia dila kiwango chake, tuseme 6%. Dila ana ruhusa ya kuongeza juu yake, mara nyingi mpaka pointi mbili hivi, na hiyo nyongeza sehemu kubwa inarudi kwake. Piga hesabu:

28,000 kwa 6% miezi 60 = kama $541.32 kwa mwezi
28,000 kwa 8% miezi 60 = kama $567.74 kwa mwezi

Kwa mwezi unaona dola 26 na senti tu, unasema potelea mbali. Kwa miaka mitano ni karibu $1,585. Hapo ndipo cha juu kilipo. Kakupa mia tano mkono wa kulia, kachukua elfu moja na nusu mkono wa kushoto.

Nenda kwenye chama chako cha akiba na mikopo au benki yako kabla ya kurudi kwa dila, upate barua ya kiwango chako. Halafu mwambie akishinda hicho.

#16 Mzigua_Ohio
Doh. Ndiyo maana aliuliza "unataka kulipa ngapi kwa mwezi" kabla hata hajaniuliza jina vizuri. Akachukua karatasi akaikata kwa kalamu visanduku vinne.

#17 DadaWaTampa
Karatasi ya visanduku vinne! Bado wanaitumia jamani. Kimoja bei ya gari, kimoja thamani ya gari lako la zamani, kimoja kitangulizi, kimoja malipo ya mwezi. Tulifundishwa hivi: mteja akibana sanduku moja, legeza hapo, na ukaze jingine huku ukimwonyesha lile lililolegea. Mwandiko mkubwa, kalamu nene, zungushia duara. Mteja anaangalia duara.

Anayekuja na bei tu, gari la zamani kaliuza kwingine na mkopo kautafuta mwenyewe, tulikuwa tunamwita "mwalimu". Hakuna aliyemtaka mwalimu siku ya Jumamosi.

#18 Baba_Wawili_Dallas
Sasa hapo kwenye sanduku la pili. Mzigua, gari lako la zamani kakupa ngapi?

#19 Mzigua_Ohio
6,000. Nilidhani kaniheshimu, maana nimeshawaambia linasumbua.

#20 Baba_Wawili_Dallas
Lipeleke kwa wanunuzi wa magari ya mkononi, hawa wanaotoa bei palepale hata kama hununui kwao. Wawili watatu. Rudi hapa na majibu.

#21 Mkanyageni
Salaam kutoka Mombasa. Nawasoma tu nacheka. Nyinyi mnagombania invoisi, huku kwetu invoisi yako ya Japani KRA hawaitazami sana. Kwa gari la mtumba wao wana orodha yao, CRSP, ni bei ya rejareja ya gari hilo likiwa jipya. Wanaichukua hiyo, wanashusha uchakavu kulingana na umri, ndipo ushuru unapigwa. Wewe ukatafuta punguzo kwa muuzaji wa Yokohama mpaka sauti ikakauka, ushuru wala haukujui.

#22 Kibarazani
Na Dar vilevile, TRA wana kikokotoo chao. Unaingiza aina, mwaka na injini, kinakupa kodi. Ila huku utapeli wa bei uko kwenye FOB. Unaona tangazo limeandikwa dola 2,900, moyo unadunda. Hiyo ni bei gari likiwa bado kwenye bandari ya Japani. Ukiuliza CIF Dar unaongezewa meli na bima, halafu ushuru unakuja na mara nyingi umelipita gari lenyewe. Na neno "punguzo 30%" limewekwa kwenye kila gari, mwaka mzima. Punguzo kutoka bei ipi? Wenyewe ndio walioiandika.

#23 Ngosha_Mtata
#22 hapo umenikumbusha shemeji yangu. Aliwatangazia ndugu bei ya FOB kwenye kikao cha harusi. Sitasema zaidi, yumo humu.

#24 Kinyamkela
Turudi Ohio. Mimi nijuavyo sheria ya Marekani inamlazimisha dila akuonyeshe invoisi ukiiomba. Kwa hiyo hakufanya hisani.

#25 Mtu_wa_Namba
Hapana mkuu, hiyo umechanganya. Sheria ya 1958 inahusu stika ya dirishani tu. Ilisukumwa na seneta Mike Monroney wa Oklahoma, na mpaka leo stika yenyewe watu wanaiita kwa jina lake. Gari jipya lazima libandikwe bei inayopendekezwa na kiwanda, vifaa vya ziada na nauli, na hairuhusiwi kuibandua kabla halijamfikia mnunuzi. Invoisi haimo. Anayekuonyesha invoisi kaamua mwenyewe kukuonyesha. Jiulize kwa nini.

#26 Kinyamkela
Sawa, lakini si Tume ya Biashara ya Shirikisho ilipitisha kanuni ya kuwazuia hawa na bei za ujanja?

#27 DadaWaTampa
Ilitangazwa Desemba 2023. Madila wakaenda mahakamani, na Januari 2025 mahakama ya rufaa ya New Orleans ikaifuta, kwa hoja kwamba tume iliruka hatua kwenye utaratibu. Kwa sasa angalia jimbo lako. Mfano ada ya makaratasi: California ina kikomo cha $85. Florida hakuna kikomo, na nimeona zinazokaribia elfu moja. Kazi ni ileile, kuchapa fomu.

#28 Mjukuu_wa_Bi_Kirembwe
Mimi niko Houston, na naona nyote mmeikubali invoisi haraka mno. Invoisi ya nani? Toyota kwa mfano, hapa Texas na majimbo ya jirani haipeleki magari kwa dila moja kwa moja, kuna msambazaji binafsi katikati, na kule Florida na Georgia kuna mwingine. Magari yanapitia kwao na yanaongezewa vitu kabla hayajafika uwanjani. Halafu invoisi nyingi, za kampuni mbalimbali, zina mstari wa mchango wa matangazo ya kanda. Hiyo ni gharama ya gari au gharama ya biashara? Imewekwa humo ili invoisi inenepe.

Mimi naamini invoisi ya siku hizi imetengenezwa ionyeshwe. Zamani ilikuwa siri kweli. Kampuni ya Edmunds ilianza kuuza vijitabu vya bei za magari mwaka 1966, baadaye intaneti ikamwaga kila kitu. Kiwanda kikaona watu wanaijua, kikahamishia faida ya dila sehemu ambazo hazimo kwenye karatasi. Mkiona "chini ya invoisi" msione punguzo. Oneni karatasi ya maonyesho.

#29 Baba_Wawili_Dallas
Hapo unazidisha Mjukuu. Bado ni namba inayosaidia. Kati ya stika na invoisi kulikuwa na 2,300, asingeijua angelipa stika.

#30 Mjukuu_wa_Bi_Kirembwe
Na mwaka 2021 na 2022, chipu za kompyuta za magari zilipokosekana? Magari yaliuzwa juu ya stika, wanakubandikia karatasi ya pili pembeni, "marekebisho ya soko", elfu tatu, elfu tano. Invoisi ilikuwepo vilevile na hakuna aliyeitaja. Bei ni magari mangapi yako uwanjani na wateja wangapi wako mlangoni. Basi.

#31 Baridi_ya_Minneapolis
Hapo kidogo nakubaliana naye. Ndiyo maana mimi napita Jumapili. Huku Minnesota sheria inazuia madila kuuza Jumapili, kwa hiyo uwanja mtulivu, hakuna anayekukimbilia. Natembea nasoma stika, napiga picha, nahesabu yako mangapi ya aina ninayoitaka. Yakiwa mengi naongea kwa sauti. Yakiwa mawili nanyenyekea.

#32 BintiPwani_MN
Assalaam alaykum. Swali la pembeni. Sisi tusiotaka riba, kuna matangazo ya 0% kwa miezi 60, lakini nilipoenda wakasema nikichukua hiyo napoteza punguzo la kiwanda la $2,500. Ni kweli au wananichezea?

#33 Mtu_wa_Namba
Waalaykum salaam dada. Mara nyingi ni kweli, zote mbili zinatoka kiwandani na unachagua moja. Hesabu tupu, bila fatwa: mkopo wa 28,000 kwa 0% utalipa 28,000 kamili. Ukichukua 2,500 unakopa 25,500. Benki ikikupa 6% utalipa jumla kama 29,580. Sifuri inashinda. Benki ikikupa 3% ni kama 27,490, hapo punguzo linashinda. Na sifuri inataka alama za mkopo za juu. Aliyefika juzi na hana historia ya mikopo hapewi.

#34 Kinyamkela
Lakini hiyo sifuri kuna mtu anailipia. Kiwanda kinaibeba riba na kimeshaiweka kwenye bei. Kwa hiyo dada anailipa kwa jina jingine.

#35 BintiPwani_MN
Wewe niachie mimi na sheikh wangu. Nimeuliza hesabu, nimepata. Jazakallah Mtu wa Namba.

#36 Ngosha_Mtata
Kinyamkela leo unapigwa kila kona 😂

#37 Mzigua_Ohio
Nimerudi wakuu. Moja: gari la zamani, wanunuzi wawili. Mmoja 8,100, mwingine 8,500.

#38 Baba_Wawili_Dallas
8,500 toa 6,000 ni 2,500. Yaani alikuwa anakurudishia mia tano kutoka kwenye hela yako mwenyewe, na 2,000 anabaki nayo. Nilisema.

#39 Baridi_ya_Minneapolis
Na riba je? Usijitwalie ushindi.

#40 Mzigua_Ohio
Mbili: nikamwandikia barua pepe anipe bei ya kutoka nayo getini, kila kitu ndani. Imekuja. Gari 31,200 kama alivyosema. Chini yake kuna mstari "kifurushi cha ulinzi" $1,295. Nikauliza ni nini: naitrojeni kwenye matairi, namba ya chesisi kuchongwa kwenye vioo, na dawa ya kulinda rangi. Nikasema sivitaki, akajibu vimeshafungwa kwenye kila gari, havitoki.

#41 Kibarazani
Naitrojeni! Hewa ya bure tunayovuta hapa Manzese ni naitrojeni asilimia 78 tayari. Hiyo 22 iliyobaki ndiyo unauziwa?

#42 DadaWaTampa
Vimeshafungwa, sawa, lakini mstari wa bei unafutika. Nimeuona unafutwa, mteja akisimama na kushika funguo zake. Kifurushi kile gharama yake kwa dila ni ndogo sana.

Niwaambie na upande wa pili, maana mnamwonea muuzaji. Mimi gari likiuzwa chini ya invoisi sikupata asilimia, nilipata malipo ya chini kabisa, kiasi kilekile kisichobadilika. Na palipokuwa na faida, kabla ya kukata asilimia yangu meneja aliongeza kwenye gharama ya gari kiasi chao cha ofisi, mamia ya dola. Kwa hiyo kuna invoisi mnayoonyeshwa nyinyi na kuna gharama niliyoonyeshwa mimi, na ya kweli ilikuwa kwa mhasibu. Yule kijana aliyekunong'oneza, inawezekana kabisa yeye mwenyewe anaamini anakuuzia kwa hasara.

#43 Ngosha_Mtata
Sasa naanza kumhurumia. Mzigua mnunulie chai.

#44 Mtu_wa_Namba
Kwa hiyo tuna holdibaki, riba ya stoo, bonasi, mkopo, gari la zamani, kifurushi. Mimi bado nasimama na bonasi ya robo mwaka. Gari la miezi mitano haliuzwi hivi bila msukumo kutoka juu.

#45 Baridi_ya_Minneapolis
Na mimi nasimama na mkopo. Asingekuonyesha invoisi kabla hajajua unakopa kwake. Jaribu: mwambie umepata mkopo nje, uone kama 31,200 itabaki 31,200.

#46 Mzigua_Ohio
Nimemtumia ujumbe huo sasa hivi. Pia nimewaandikia madila wengine watatu, gari hilohilo, rangi yoyote. Mmoja kajibu 32,050, hana kifurushi, hajataja invoisi hata kidogo.

#47 Baba_Wawili_Dallas
31,200 + 1,295 = 32,495. Huyu wa 32,050 yuko chini kwa 445, ila hakikisha ada ya makaratasi ya wote wawili. Na riba ni ipi?

#48 Mkanyageni
Swali la mwisho kabla ya kulala. Mzigua ukilichoka baada ya miaka mitatu si ulilete huku tukuuzie?

#49 Kibarazani
Usukani wa kushoto huo, Kenya nani atakusajilia?

#50 Mkanyageni
Aa, kumbe. Basi endeleeni.

#51 Mgeni_Mpya_Atlanta
Habari wakuu. Na ukichukua kwa mkataba wa kukodi miaka mitatu, hizi invoisi zinahusika? Mimi nimeambiwa bei ya gari haijalishi, ni malipo ya mwezi tu.

#52 DadaWaTampa
Nani kakwambia hivyo? Muuzaji?

#53 Mgeni_Mpya_Atlanta
Ndiyo.

#54 Ngosha_Mtata
Wakuu sogeeni, kuna mgeni. Kibarazani ongeza maji kwenye birika.